Nguvu za Mama Adrian

Alhamisi ile, katika shamba la Verediana, Yusta Kalinga aliwaacha wenzake nyuma kabla umande haujakauka. Wanawake kumi walikuwa wameanza pamoja, kila mmoja na tuta lake, kama ilivyo desturi ya mgowe, yaani kikundi cha kulimiana kwa zamu: leo kwangu, kesho kutwa kwako. Ardhi ya Igowole ilikuwa laini baada ya mvua za kwanza za Novemba. Jembe la Yusta lilipanda na kushuka bila kupumzika, na udongo ulikuwa ukiruka mpaka kwenye kanga yake.

"Mama Adrian! Hilo jembe umelifungia injini?" aliita Faustina, ambaye katika mgowe ule hakuna aliyemshinda kwa maneno.

"Injini ipo kifuani!" Yusta alijibu bila kugeuka.

"Basi izime kidogo. Mwenye shamba akitupimia ugali kwa kazi yako, sisi tutalala njaa."

Wakacheka. Verediana, mwenyekiti wao, mwanamke wa makamo asiyependa kupaza sauti, aliegemea mpini wa jembe lake na kumtazama Yusta kwa furaha. "Mwacheni," alisema. "Tungekuwa na wawili kama huyu, tungelima mpaka Mafinga."

Chakula kilipoletwa, wenzake walikaa chini ya misindano, yaani miti ya paini, iliyopandwa mpakani. Yusta alikula amesimama. Alitembea huku na huku na bakuli la maharage mkononi, akieleza mipango yake: atafuga nguruwe, atanunua lile shamba la bondeni, atafungua duka la mbegu Mafinga, kisha tawi Iringa, kisha tawi Mbeya. Alipofika kwenye tawi la Mbeya, maharage yalikuwa yamepoa. Hakuna aliyeshtuka. Mtu mchapakazi ana haki ya kuwa na mipango.

Wote waliamini kwamba Yusta ana presha. Ndivyo alivyowaambia, na ndiyo sababu iliyokubalika ya safari zake za Iringa kila mwezi. Ukweli ni kwamba alikuwa na ugonjwa wa akili. Ulikuwa ukimjia kwa namna mbili. Kwa miezi fulani ulimlaza kitandani, akaona hata kuosha uso ni kazi ya watu wengi. Kwa miezi mingine ulimwamsha, ukamnyima usingizi, ukampa nguvu na maneno mpaka akavunja kile alichokuwa anajenga. Zamani, kabla hajahamia Igowole, watu wa kwao walisema amerogwa. Mchungaji alimwombea, na Yusta alimshukuru kwa moyo wote, kisha akarudi kitandani.

Jina la ugonjwa alilipata Mbeya. Alikuwa amekwenda kumsaidia dada yake, Eveline, aliyekuwa anauza viazi katika soko la Soweto mjini humo. Siku moja Eveline alitoka kidogo, akarudi na kukuta Yusta ameshagawa viazi vyote bure kwa wapita njia, huku akiwabariki mmoja mmoja. Kulikuwa na foleni. Eveline hakugombana naye. Alimshika mkono, wakaenda hospitali, na huko Yusta akalazwa. Muuguzi wa wodi ile, mwanamke wa Kinyakyusa aitwaye Alinanuswe, alimweleza taratibu alipotulia.

"Dada yangu, huu ni ugonjwa kama kisukari kilivyo ugonjwa. Hujalaaniwa. Dawa hii utakunywa ukiwa mzima, ili ubaki mzima. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Lakini nitawaambiaje watu?"

"Waambie ukiwa tayari. Ila dawa, hiyo usisubiri kuwa tayari."

Aliandikiwa barua ya kuendelea na matibabu Iringa, karibu zaidi na kwake. Kidonge asubuhi, kidonge jioni. Kwa miaka kadhaa Yusta alilima, akalala, akaamka, akamsomesha Adrian mpaka akaenda chuo. Alikuwa amesahau kwamba maisha yanaweza kuwa ya kawaida kiasi kile. Mumewe, Liberatus, alifanya kazi kwenye mashine za kupasulia mbao, akirudi nyumbani mwisho wa juma akiwa ananukia utomvu wa paini. Yeye peke yake pale Igowole ndiye aliyejua.

Mambo yalianza kuharibika Agosti. Yusta alifika Iringa kama kawaida, akasimama mbele ya dirisha la dawa, akaambiwa dawa yake haipo. Mwezi ujao labda. Kadi yake ya bima ya jamii ilimwezesha kumwona daktari, lakini nguvu ya kadi ile iliishia palepale dirishani. Akatumwa duka la dawa mjini. Huko dawa ilikuwepo, imepangwa vizuri kwenye kabati la kioo. Bei yake ukijumlisha na nauli ilikaribia bei ya mfuko wa mbolea ya kupandia. Na mwaka ule mbao hazikuwa na wateja. Liberatus alikuwa anarudi nyumbani na utomvu tu.

Alinunua ya mwezi mmoja. Mwezi uliofuata dirishani haikuwepo tena. Safari hiyo alishuka Ipogolo, kwenye barabara kuu chini ya mji, na kupanda mlima wa kwenda mjini kwa miguu ili asilipe nauli ya pili. Alirudi na pakiti moja, nusu ya alichotakiwa kununua. Usiku na mchana alijiuliza atafanyaje. Jibu alilipata jikoni.

Mkulima yeyote wa viazi wa nyanda zile anajua la kufanya mbegu isipotosha. Unachukua kiazi cha mbegu, unatafuta macho yake, unakikata vipande, kila kipande na jicho lake. Mbegu ya robo eka inapanda nusu eka. Mama yake Yusta alifanya hivyo, na bibi yake kabla ya hapo. Basi Yusta alichukua kisu kilekile cha mbegu, akakiosha, akaweka kidonge juu ya ubao. Katikati kulikuwa na mstari, kana kwamba hata waliokitengeneza walijua kwamba watu watakosa. Akakata. Nusu asubuhi, nusu jioni. Pakiti moja ikafanya kazi ya pakiti mbili.

Wiki ya kwanza ikapita salama. Mwezi ukapita salama. Yusta akaona kwamba amegundua jambo ambalo madaktari hawakulifikiria, na hakumwambia mtu, hata Liberatus. Alianza kuamka mapema kidogo. Alifurahi. Kulikuwa na kazi nyingi.

Wiki ile ya shamba la Verediana, Yusta hakuwa analala kabisa.

Jumapili iliyofuata, watu wakiwa makanisani, aliingia kwenye ghala la mbegu. Mbegu ya mgowe mzima ilitunzwa kwake, kwa sababu Liberatus alikuwa amejenga chanja nzuri kwa mabanzi ya mbao, zenye kupitisha mwanga na hewa. Walikuwa wamechanga na kununua mbegu bora kwa pamoja. Ilikuwa imechipua vizuri, machipukizi mafupi, manene, ya kijani. Ingepandwa wiki hiyo. Yusta aliitazama, na moyo wake ukajaa huruma kwa wenzake wenye mashamba makubwa na mbegu ndogo. Akachukua kisu.

Liberatus alimkuta hapo mchana. Sakafu yote ilikuwa nyeupe kwa vipande.

"Mama Adrian. Unafanya nini?"

"Nawazidishia! Kila mtu sasa ana mara mbili, wengine mara tatu. Angalia hiki, kina macho manne, nimepata vipande vinne. Verediana atalia kwa furaha. Nipe gunia."

"Hii mbegu ni ya watu kumi."

"Sasa ni ya watu thelathini! Mbona umesimama? Shika kisu."

Liberatus hakushika kisu. Vipande vingine vilikuwa vidogo kama ukucha wa dole gumba. Alimtazama mkewe machoni, akayatambua macho yale ya Mbeya. Akaenda ndani, akafungua kopo la dawa. Ndani mlikuwa na vidonge vilivyokatwa nusu, hakuna hata kimoja kizima.

"Tangu lini?" alimuuliza aliporudi.

"Tangu lini nini?"

"Yusta."

Hakuwa anamwita kwa jina lake mara nyingi. Kisu kikasimama. "Tangu mwezi wa tisa," alisema. Kisha akaanza kukata tena, haraka zaidi. "Lakini siumwi! Unaniona naumwa? Mtu mgonjwa anaweza kazi hii? Muulize Verediana. Aliniambia mbele ya watu wote, tungekuwa na wawili kama huyu! Muulize!"

Akasimama, akakaa, akasimama tena. Alisema Iringa haendi, kwa kuwa Iringa hakuna dawa, na katika hilo alikuwa na akili timamu kabisa. Mwishowe alikubali kwenda kwa Eveline kuzungumzia tawi la Mbeya. Jioni hiyo Liberatus aliomba lifti kwenye lori la viazi la mtu anayemfahamu. Njia nzima Yusta alimweleza dereva jinsi ya kuendesha.

Alilazwa wodi ileile. Alinanuswe alikuwa bado yupo, ameongezeka mwili na mvi kidogo. Siku Yusta alipoweza kukaa kitini na kumaliza kikombe cha uji, ndipo walipoongea.

"Kwa nini hukuniambia dawa imekosekana? Namba yangu unayo."

"Ningekwambia, ungefanya nini, dada?"

Alinanuswe hakuwa mtu wa kudanganya wagonjwa. "Pengine ningekosa cha kufanya," alisema. "Lakini ningekukataza kukata. Nusu ile haikukutibu nusu, Yusta. Ilikuacha wazi, huku ukidhani umefunga mlango."

Alipotoka alipewa dawa nyingine, ya zamani, iliyopatikana dirishani mara nyingi zaidi. Alinanuswe alimweleza wazi: hii itamzuia kupanda juu, ila itamlemea. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikimfaa. Siku akiweza kuinunua, nzima, kila mwezi bila kukosa, arudi aandikiwe, na daktari atambadilishia taratibu.

Ilimlemea kweli. Nyumbani Igowole Yusta alisogea kama mtu anayevuka mto. Mikono yake ilitetemeka, mdomo ulikauka, na jua lilikuwa juu kabla hajamaliza kufagia ua. Alijaribu kulima nyuma ya nyumba. Baada ya tuta moja alikaa chini na kushindwa kuinuka. Akili ilikuwa imetulia; alichobaki nacho ni kuona kila kitu vizuri. Wenzake walikuwa wamepanda vile vipande, wangefanya nini, msimu haungoji. Mvua zilikuwa zimenyesha mfululizo. Kutoka mlangoni kwake aliweza kuona shamba la Verediana upande wa pili wa bonde, na mapengo katika matuta yake.

Na alikuwa na madeni ya siku. Katika mgowe ule siku hazilipwi kwa hela. Ukilimiwa, unarudisha kwa mikono yako, na asiyerudisha anatoka. Mwanamke aliyetoka kwenye mgowe hulima peke yake, na shamba la kulima peke yako haliwezi kulisha nyumba na chuo. Hilo ndilo lililomfanya Yusta ageukegeuke kitandani, dawa au si dawa. Nani atamhitaji mtu wa tuta moja?

Liberatus alitaka yeye ndiye awafuate wanawake wale kwa niaba ya mkewe. Yusta alikataa. Alhamisi alichukua jembe lake, akashuka bondeni polepole, akapumzika mara kadhaa njiani, na kufika kwa Verediana wakati wenzake wamekwishaanza kupalilia. Akaliweka jembe chini mpakani, akasimama. Majembe yakanyamaza moja baada ya jingine.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene," wakaitikia wachache.

"Sina presha," Yusta alisema. "Niliwadanganya. Ninaumwa ugonjwa wa akili, nina miaka nao. Dawa ilinishinda bei, nikawa naikata nusu, ugonjwa ukarudi. Mbegu yenu niliikata nikiwa hivyo. Nimekuja mseme mnavyotaka."

Faustina ndiye aliyetangulia kuongea, kwa sauti ya mtu anayehesabu jambo. "Ngoja kwanza. Siku ile ulivyolima kama trekta, ulikuwa unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa."

"Na sisi tukawa tunakushangilia!"

"Mlinishangilia sana."

Mmoja akacheka, kisha mwingine, kicheko kifupi cha aibu. Mama Anord, mama wa watoto sita aliyekuwa na shamba kubwa kuliko wote, hakucheka. "Mimi nacheka nini?" alisema. "Nusu ya shamba langu ni mapengo. Mgonjwa tunampa pole. Pole, mama. Lakini mbegu yangu nani ananirudishia?"

"Nitaifanyia kazi. Kila mmoja wenu nitamwongezea siku zake."

"Kwa mikono ipi? Nyoosha tuione."

Yusta akainyoosha. Wote wakaiona ikitetemeka, hata yeye akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Verediana aliinama kwenye pengo moja, akachimbua kwa vidole, akatoa kipande cha kiazi kilichooza, cheusi, chenye maji. Mama Anord akaziba pua.

"Jicho lilikuwepo," Verediana alisema. "Lilianza hata kuchipua, tazameni. Kipande kilikuwa kidogo mno, hakikuwa na cha kulilisha." Akakitupa na kujipangusa mkono kwenye kanga. "Hiyo dawa nzuri, mwenzetu, ukiipata nzima, unaweza kulima?"

"Nililima nayo miaka yote mliyonijua. Kabla ya mwezi wa tisa."

"Basi tufanye hivi. Kila mwezi kuna siku ya zamu ya Mama Adrian. Siku hiyo tusiende shambani kwake. Twende tukachume chai kwa mtu anayelipa siku hiyohiyo, hela yote iende kwenye dawa."

"Yaani ametuozeshea mbegu, halafu tumnunulie dawa?" Mama Anord aliuliza.

"Wewe unataka akulipe mbegu au hutaki?"

"Nataka."

"Kwa mikono hii?"

Mama Anord aliitazama tena mikono ya Yusta. Alikuwa mwanamke mgumu, lakini hesabu hakuikataa. "Mpaka mavuno ya mahindi," alisema hatimaye. "Baada ya hapo tunakaa tena. Na shamba lake atalilima nani?"

"Mimi na mume wangu," Yusta alisema. "Jumamosi na Jumapili."

"Jumapili utakwenda kanisani, ukaombe radhi," Faustina alisema, "ulikata viazi vya watu saa ya ibada." Safari hii hata Mama Anord alicheka.

Ndivyo ilivyokuwa. Walichuma chai, wakalalamikia mizani, wakatoa hela. Yusta alirudi Mbeya kuandikiwa, na baada ya hapo akaendelea na Iringa. Mwezi mmoja dirishani dawa ilikuwepo, na hela ya chai ikabaki akiba kwa Verediana. Mwezi uliofuata haikuwepo. Kila safari alishuka Ipogolo na kupanda ule mlima akiwa hajui atakuta nini juu. Alipanda haraka, kisha akajikumbusha kupunguza, kisha akajiuliza kama kule kupanda haraka kulikuwa ni haraka tu au ni dalili. Alikuwa ameanza kujipima hivyo kwa kila kitu. Akicheka sana, alijisikiliza. Akipata wazo zuri, aliliacha lilale siku mbili ndipo amwambie Liberatus. Usingizi ukichelewa kidogo, alilala macho wazi akihofia kukosa usingizi, na hofu ikamnyima usingizi wenyewe. Na mahindi yalikuwa yanarefuka. Kila yalipoongezeka kimo alikumbuka kwamba mavuno yanakaribia, na baada ya mavuno watakaa tena.

Asubuhi moja ya Machi walikuwa wanaandaa shamba la maharage kwa Mama Anord. Ilikuwa siku ya Yusta kurudisha. Kulikuwa na baridi nzuri, udongo ulikuwa umeiva, na mwili wake ulikuwa mwepesi. Alilima akisahau kujipima. Alipoinua kichwa, alikuwa mbele ya mstari, hatua kadhaa mbele ya wote.

Nyuma yake majembe yalikuwa yamenyamaza.

"Mama Adrian," Faustina aliita, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Umekunywa asubuhi?"

"Nimekunywa."

"Kizima?"

"Kizima. Liberatus leo hajaenda kazini, ameniona."

"Na umelala?"

"Nimelala mpaka jogoo wako mwehu akaniamsha. Mchinje yule."

Hakuna aliyecheka bado. Verediana alikuja akipita kati ya matuta, akasimama mbele yake, akamtazama machoni, akamshika viganja vyote viwili na kuvigeuza. Yusta alijiachia atazamwe. Moyo ulimdunda, na hakujua kama ni wa kazi au wa woga.

"Basi nguvu hizi ni zako," Verediana alisema. "Endelea."

Yusta alishika mpini. Aliweza kuendelea; mikono ilikuwa inadai. Alitazama tuta lililobaki mbele yake, refu, jeusi, lenye umande, kisha akawatazama wenzake walivyokuwa mbali. Akalisimamisha jembe, akaegemea mpini, akabadilisha mguu mmoja, kisha mwingine.

"Nawasubiri," alisema. "Njooni upesi, nisije nikachoka kusubiri."

Mama Anord aliinua jembe lake wa kwanza.